Nilimwambia Tuendelee na Swali la Kumi na Tano

Shangazi, mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, na nakuomba sana usitaje nilipo wala chuo ninachofanyia kazi, maana wakinijua nimekwisha.

Mimi ni mhoji katika mradi wa chuo kikuu wa kuchunguza afya ya mama na mtoto, na mradi wenyewe ulipata fungu la fedha kwa sharti kwamba idara tatu zifanye kazi bega kwa bega, yaani madaktari, wahandisi wa vifaa na sisi wa sosholojia, na kwenye karatasi tuko pamoja kweli, hata picha tulipiga tumeshikana mikono, ila tangu siku ya picha kila idara kivyake, madaktari na vipimo vyao, wahandisi na mashine yao mpya ya presha, na mimi na kinasa sauti changu kwenye stoo ya kliniki, katikati ya mizani mbovu na maboksi ya glovu, nikiwauliza wajawazito maswali arobaini. Kwenye mafunzo tuliambiwa usimkatize mhojiwa, usimpe ushauri, wewe nasa tu, na mimi Shangazi ni mtu wa kufuata ninachoambiwa.

Basi kuna dada mmoja, fundi cherehani, mimba yake ya kwanza, miezi minane, nilimwita mimi kwa simu, haikuwa hata siku yake ya kliniki, akaja akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, na tulipofika swali la kumi na nne, hali yako ikoje siku hizi, akacheka kidogo akasema, “Siku hizi nikitunga uzi tundu la sindano silioni, naona vimulimuli, kichwa kinanigonga huku mbele, na viatu vimenikataa, hapa nimekuja na ndala za mume wangu.” Nikamwambia asante, tuendelee na swali la kumi na tano, nani anaamua matumizi nyumbani kwenu. Na pembeni nikaandika, “nukuu nzuri.” Mkunga alikuwa chumba cha pili, Shangazi, ukuta wa mbao tu, na mashine ya presha iko mezani kwake.

Siku ya tatu akaanguka kwenye cherehani yake akitupa mikono na miguu, kifafa cha mimba, wakamtoa mtoto akiwa hai na yeye hakuamka. Mimi nilisikia amefariki, nikasikitika kama unavyosikitikia mtu uliyemwona mara moja, wala sikuunganisha. Nilikuja kuunganisha kwenye kikao cha kuomba fungu la pili, mara ya kwanza idara zote tatu kukaa meza moja, nikaambiwa nisome sauti za akina mama, nami nikasoma ile nukuu yangu nzuri, na mhadhiri wa udaktari akaweka kalamu chini akauliza, “Huyu mlimpeleka wapi?” Mkuu wa mradi akasema tuhamie ajenda inayofuata.

Jioni akaniita, akaniambia mhojiwa akifariki rekodi inafutwa, ndio utaratibu, na Ijumaa watoa fungu wanakuja, wasiikute. Miaka miwili niko pale sijawahi kuuona utaratibu huo umeandikwa popote. Nikamwendea mkunga, nikidhani atanitetea, akaniambia, “Dada, ukilifumua hili, fungu linasimama, na mafuta ya gari la wagonjwa yanatoka humo humo. Unataka wafe wangapi?” Na hapo naye hajakosea.

Ila kuna mama yake marehemu. Kila Jumanne anakuja na mjukuu kifuani, anakaa kwenye benchi nje ya stoo, ananiambia, “Mwanangu, si ulimnasa sauti? Nipe nimsikie, na huyu akikua amjue mama yake.” Namwambia ni siri ya utafiti, mama. Anasema haya, anainuka, Jumanne ijayo yuko pale pale. Nikifuta, namzika binti yake mara ya pili. Nikimpa, atamsikia akiomba msaada, na atanisikia mimi nikimjibu. Silali, sili, nifanye nini?

Mwenye kinasa sauti

SHANGAZI ANAJIBU

Usifute. Nimelitanguliza hilo, na nimeomba barua yako iruke foleni, maana Ijumaa si mbali.

Pole, binti yangu. Pole ya kweli. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Kwamba hukujua dalili, hilo nakusamehe. Waliokupa maswali arobaini bila kukuambia ni majibu yapi ya kumkimbizia mkunga wana lao la kujibu, na ni kubwa kuliko lako. Walipewa fungu ili daktari asikie anachosikia mhoji, wao wakaishia kupiga picha. Lakini hukujua mpaka siku ya kikao. Tangu siku hiyo unajua, na bado kila Jumanne unamwambia mama wa watu “siri ya utafiti.” Hapo sikusamehe. Siri ile ilikuwa ya kumlinda yule fundi cherehani, leo unamlindia mkuu wako.

Na hilo la mkunga kuhusu mafuta ya gari limekutisha, nami limeniuma. Huenda fungu likasimama kweli, na huenda mtu akaumia kwa hilo. Siwezi kukudanganya kuwa halitatokea. Lakini nikuulize: fungu la pili likipita hivi hivi, si utarudi stoo? Si utawaita wengine kwa simu, wakae kwenye kiti kile kile, wakuambie wanaona vimulimuli, nawe uhamie swali la kumi na tano? Gari lenye mafuta halimsaidii mtu ambaye hakuna aliyeliita.

Kwa hiyo leo, kabla hujala hicho chakula unachosema huli, andika kwa mkono wako kilichotokea: tarehe, maneno yake, maneno yako, na lile “nukuu nzuri” usiliache. Peleka kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, pamoja na nakala ya rekodi, wakugongee muhuri wa kupokea. Nakala nyingine mpe yule mhadhiri aliyeweka kalamu chini. Huyo ndiye mtu wako. Waambie pia mama mtu anaiomba rekodi, na kwamba utampelekea. Mkuu akikuuliza, mwambie imeshafika kamati. Kazi unaweza kuipoteza, nakwambia wazi usije ukasema Shangazi alinificha.

Na ninyi wajawazito mnaosoma hapa: kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli, miguu imevimba, nenda kituo cha afya leo hii. Usingoje tarehe ya kadi, wala usingoje kuulizwa.

Kisha Jumanne isikukute stooni. Nenda wewe nyumbani kwake, na mkunga aje, hata kama mtaenda mmenuniana. Usimpe rekodi mlangoni ukakimbia. Mwambie kwanza kwa mdomo wako kilichomo, kwamba binti yake alisema na wewe hukuelewa, ndipo umuulize kama anataka kusikia. Akisema ndiyo, washa. Kaa naye mpaka swali la kumi na tano. Mkono ukitaka kuzima hapo, ukalie. Akikuangalia, mwangalie. Akikufukuza, ondoka, ila rekodi muachie.