Bafta ya Mwajuma

Sasa Salma, simu ilikatika hata sijakujibu. Marahaba, mjukuu wangu. Huku Gongo la Mboto wazima, mama yako mdogo kajifungua dume. Ulisema umepima, una virusi vya ukimwi, umeanza dawa, ukaniuliza, "Bibi, nitazeeka?"

Ngoja nikwambie ya shoga yangu Mwajuma. Miaka ya tisini aliumwa ugonjwa huohuo, akabaki mifupa. Dawa zenyewe huku hatuzijui, kaka yake baharia ndo akawa anamletea kutoka Ulaya. Sie mashoga tukasema anajisumbua bure. Tukanunua bafta ya sanda kabisa, nikaificha kwangu chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Siku hiyo nimeitoa niianike, mende wasiitoboe, mara hodi! Mwajuma huyo mlangoni, kwa miguu yake, ndoo ya maji kichwani!

"Weee, bafta nzuri! Ya nani?"

"Ya... ya pazia."

Akaona pamba na karafuu maiti pembeni. Mie naikunja bafta haraka haraka.

"Muongo we! Hiyo si yangu?" Akacheka mpaka maji yakamwagika. "Haya, nishonee hilo pazia."

Nikamshonea, aibu imenijaa. Nilikuwa nimemzika mtu anahema! Mpaka leo anameza dawa zake kila siku, hakosi. Na wewe usikose, mwanangu.

Mwajuma huyo yuko nje ananipigia kelele: "We Zuhura, toka basi! Bibi kizee mie unanisimamisha juani?"

Ngoja nimfuate.