Shimizi juu ya mchungwa

Busunzu, Jumapili, 1974

Pasikali, naandika haraka, lori litakalokuletea barua hii Kasulu linapakia. Nimeaibika, ndugu yangu. Nimeaibika kweli.

Unakumbuka semina ya kilimo? Menya gamba la tawi, zungushia udongo wenye unyevu, funga kwa kitambaa, subiri mizizi, kisha kata tawi ukalipande. Ndivyo nilivyofanya jana kwenye mchungwa wa wakwe zangu. Kitambaa nilikitoa kwenye uzio, kimechakaa, nikadhani tambara.

Leo baada ya ibada watu wamejaa uani. Nikasimama chini ya mti nikawahutubia kama bwana shamba. Nikawaonyesha kwa fimbo.

Kezia mke wangu akasema taratibu, "Hiyo lesi niliishona mimi."

Lesi gani?

"Ya shimizi la mama."

Shimizi la mama mkwe, Pasikali, nguo yake ya ndani. Mimi ambaye hata njiani nampisha huku nikiangalia majani. Na nililionyesha kwa fimbo.

Nikauparamia mti nilifungue. Baba mkwe akauliza, "Ukifungua sasa, mizizi itatoka?" Nikasema haitatoka, tawi litakufa, lazima likae miezi mitatu. Mjinga mimi, si ningedanganya.

Miaka sita mama mkwe hajawahi kunisemesha, kila neno hupitia kwa Kezia. Leo kanigeukia mwenyewe, mbele ya watu wote.

"Basi limwagilie maji."

Nimeshapeleka madebe matatu, na mvua inanyesha.

Sylvesta