Mdogo Wangu, Kabla Hujapanda Kizimbani

Nyumba za wafanyakazi,
Nyuma ya hospitali,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na za shemeji yako ambaye amelala chumba cha pili huku redio ikiongea peke yake. Hatujambo, ila magoti yangu ndiyo yana maneno. Wewe je, ule mkono uliochubuka umepona? Na wifi yangu anakula? Namjua, akiwa na mawazo husahau sahani mbele yake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza mahakamani kukoje kwa mtu aliyekamatwa akiendesha gari amelewa, maana kwenye hili shemeji yako amekutangulia. Nitakueleza nilichokiona, ingawa kukikumbuka kunaniuma. Mengine muulize wakili wako.

Fika mapema. Sisi tulifika saa mbili, tukaitwa saa sita, na muda wote tulibanana kwenye benchi na watu waliogombania mpaka wa shamba na mmoja aliyeiba nondo. Ukiitwa utapanda kizimbani, na karani atakusomea shtaka pamoja na namba iliyotoka kwenye kile kifaa ulichopulizia. Inasomwa kwa sauti, kila mtu anasikia. Kisha utaulizwa unakubali au unakana. Ukikana, kesi inaahirishwa, unatafuta mdhamini, unaanza nenda rudi mpaka soli za viatu ziishe. Ukikubali, unaulizwa kama una la kusema ili upunguziwe adhabu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Shemeji yako alikubali, halafu akaanza kulia. Wakili akaomba mimi mkewe niseme neno. Nikasimama na gauni langu la heshima, nimejiandaa kumwokoa mume wangu.

"Mheshimiwa, huyu ni dereva wa gari la wagonjwa. Miaka kumi na miwili anakunywa na anaendesha, na kabla ya siku ile hakuwahi kugonga hata kuku."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo mama, ulikuwa unajua?"

Kwenye benchi letu alikuwa ameketi mfagiaji wa barabara aliyegongwa na shemeji yako, magongo kayalaza miguuni. Asubuhi ndiye aliyejisogeza nipate pa kukaa, hajajua mimi ni mke wa nani. Niliporudi kuketi, hakuniangalia. Nilitamani anitukane.

Shemeji yako alifungwa miezi minne, na leseni akanyang'anywa kwa miaka mitatu. Sasa anaosha magari yaleyale aliyokuwa akiyaendesha. King'ora kikilia hapa nyuma, namwona dirishani amesimama na ndoo mkononi mpaka sauti ipotee, ndipo anainama kusugua tena. Naumia, mdogo wangu, sikufichi.

Unasema wenzako wanakushauri ukane, useme kifaa kilikuwa kibovu. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulikunywa chupa sita, na yule mama wa baiskeli uliyemgonga bado yuko wodini. Unataka alale pale huku akisikia kwamba kosa ni la kifaa? Kubali.

Nami nikubali langu. Ulipokuja kututembelea mara ya mwisho ulitoka hapa ukiyumba, ukasahau funguo mezani. Nilikukimbilia nazo hadi kwenye gari, nikakutania kwamba gari lako linaijua njia. Tukacheka sana.

Siku moja kabla ya kesi nitapanda basi nije. Mahakamani nitakaa benchi la nyuma, kimya. Ila kwanza utanipeleka wodini, maana yule mama hajui kwamba zile funguo huwa unapewa ukiwa umelewa, hata na mimi dada yako.

Msalimie wifi, na shangazi ukimwona mwambie dawa yake ya kuchua naileta. Mungu akupe ulimi mnyoofu siku hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo.