Mmoja wa Wilaya ya Kaskazini

Al-Suwaidi, Riyadh
9 Februari 2022

Shangazi, shikamoo. Goti lako limetulia? Huku baridi ya asubuhi bado inauma, ila mimi mzima, na chumba nilichopata Suwaidi kina hita. Nakuandikia kwenye simu maana nataka mumeo, Mzee Mchangama, naye asome kwa utulivu.

Nimepewa kazi ambayo nyinyi wawili mtaielewa kuliko mtu yeyote. Ofisi yetu ya utafiti pale Sulimaniyah imepewa kupima magonjwa katika nchi ya mume wako. Presha, sukari, ini, macho, ngozi: tunataka kujua kila ugonjwa umeenea kiasi gani. Nchi kubwa ungewapima wachache ukawakisia waliobaki. Kwao ni watu elfu kumi na mbili, kisiwa kimoja chenye bendera yake na waziri wake, kwa hiyo tunaweza kumpima kila mtu. Mimi ndiye mtu wa takwimu. Sijawahi kupata kazi tamu kama hii.

Tatizo ni wilaya ya kaskazini, kwao Mzee. Wauguzi wamefika na watu wamefunga milango, wanasema damu yao yenda kuuzwa. Namuomba Mzee awapigie simu, yeye wanamsikiza. Awaambie hakuna jina litakalotoka. Kwangu mimi kila mtu ni namba tu.

Mwanao,
Ibra


Bani Malik, Jeddah
21 Februari 2022

Marahaba, mwanangu Ibra. Goti ni lile lile, laniuliza kwanza kabla ya kupanda ngazi. Twashukuru.

Nilimsomea Mzee ujumbe wako. Akaniuliza, “Wakishatuhesabu, tutapata nini?”

Nikamwambia, “Mtajua mna nini.”

“Kujua si dawa, Mwatime.”

Nikamwambia huyu ni mtoto wa kakangu, nimempakata mimi, hawezi kunitia aibu mbele ya wakwe zangu. Halas, yakaisha, akapiga simu. Hakumpigia imamu wala mkuu wa wilaya. Alimpigia Echati, dadake wa mwisho, yule ambaye Mzee amemlea kwa mshahara wake wa udereva tangu mama yao awe hajiwezi. Echati yuwafundisha chekechea pale kijijini, na mwaka huu ameposwa. Akamwambia, “Tangulia wewe. Wakikuona wewe umekunja mkono wa kanzu, watafuata.”

Ametangulia, na wamefuata. Sasa ile ahadi ni yako.

Shangazi yako,
Mwatime


Bani Malik, Jeddah
17 Juni 2022

Ibra mwanangu, wazima huko? Joto lisikuchezee, kunywa maji.

Hili nakwambia wewe peke yako. Yule muuguzi wenu Mkenya, Roselyne, alipompima Echati aliona baka karibu na kiwiko. Akamwambia afumbe macho, akampapasa pale kwa pamba. “Ukihisi, niambie.” Echati akangoja kuguswa, kumbe keshaguswa mara tatu.

Ni ukoma. Roselyne alimketisha, akamweleza kwamba una dawa, kwamba akianza vidonge hatamwambukiza mtu, na akivimaliza vya mwaka mzima vidole vyake vitabaki salama. Yuwavichukua zahanati kila mwezi. Wajuao ni watu wa zahanati, mimi na kaka yake. Mchumba hajui.

Mzee alilia, mwanangu. Kisha akasema, “Bila hawa watoto na hesabu zao, dada yangu angeoza nikiwa hapa naendesha gari.” Amekuombea dua ndefu. Nami nasema amina.

Shangazi yako


Al-Sulimaniyah, Riyadh
30 Januari 2023

Shangazi, shikamoo. Afya yako, ya Mzee, na ya yule mgonjwa wetu? Natumai vidonge vinaenda vizuri.

Ripoti imetoka. Tuliizindua juzi hotelini, nikavaa suti kwa mara ya kwanza tangu nije. Balozi wao alikuja, na nakala imekwenda kwa waziri. Sasa watajua wanunue dawa gani, wajenge nini na wapi. Bosi amesema kazi ya takwimu imesimama imara.

Mwambie Mzee asante. Kaskazini ndiko walikojitokeza wengi kuliko wilaya zote.

Mwanao, Ibra


Bani Malik, Jeddah
14 Machi 2023

Ibra, natumai u mzima. Sisi hatujambo, ya kusema tu.

Redio ya kisiwani imesoma ripoti yenu kwa Kiswahili na kwa lugha yao, wiki nzima, ugonjwa kwa ugonjwa. Siku ya ngozi wakasoma hivi: ukoma, mgonjwa mmoja, mwanamke, kati ya miaka ishirini na ishirini na tisa, wilaya ya kaskazini.

Wilaya ya kaskazini ni vijiji viwili, mwanangu. Wasichana wa umri huo hawafiki arobaini, na aonekanaye zahanati kila mwezi bila mimba wala mtoto mgongoni ni mmoja. Haikufika Ijumaa wakawa wamemjua. Wazazi waliwatoa watoto chekechea. Upande wa mchumba ulikuja na kikombe na sahani walivyokuwa wakimwandalia Echati chai akija kwao, wakavivunja nje ya mlango wake, wakaenda zao. Posa imekwisha kwa sahani kuvunjwa.

Na hapa Jeddah, chama cha watu wa kisiwani kilikuwa chakutana kwetu kila mwezi, nawapikia. Mwezi huu wameambiana mkutano uko kwa mtu mwengine. Mzee alikwenda. Wakampa kiti cha peke yake karibu na mlango, na maji ya chupa.

Echati haendi tena kuchukua vidonge. Asema kila akielekea ile njia ya zahanati, watu watoka kumtazama.

Ulisema hakuna jina litakalotoka. Kweli, halikutoka. Nambie basi, mliwaachia watu nini cha kubahatisha?

Mwatime


Al-Suwaidi, Riyadh
2 Aprili 2023

Shangazi, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja na sijui nianzie wapi.

Kuna kanuni. Wagonjwa wakiwa chini ya watano mahali padogo, huandiki idadi wala umri wala wilaya. Unaandika “wachache” unaendelea. Nilimwambia bosi. Nilikwenda ofisini kwake na jedwali mkononi.

Akasema, “Ibra, nchi hii yote ni mahali padogo. Tukificha kila kilicho chini ya watano, ripoti itabaki na presha na sukari. Waliotoa fedha wanataka kuona undani.”

Nikamwambia, “Huyu mmoja atajulikana.”

“Na nani? Nani huko husoma majedwali?”

Ulikuwa mwezi wa kusaini upya mkataba, na ikama yangu, kibali cha kuishi huku, iko mikononi mwao. Sikuendelea. Sikuwaza redio, Shangazi, hilo naapa. Lakini nilimuwaza Echati, na bado nikairudisha karatasi mezani.

Tafadhali asiache vidonge. Akiacha sasa ni vibaya kuliko kama asingeanza. Roselyne amerudi Riyadh, anaweza kuwaomba wa zahanati wampelekee nyumbani.

Mwanao, Ibra


Al-Suwaidi, Riyadh
19 Agosti 2023

Shangazi, shikamoo. Nilipiga Idi zote mbili, simu ikaita tu. Roselyne aliwaandikia watu wa zahanati, wakamjibu kuwa Echati hafungui mlango. Nijulishe japo kwa neno moja.

Ibra


Bani Malik, Jeddah
8 Desemba 2023

Ibra, salamu. Mzee amenikataza kukuandikia, nami naandika.

Echati yuko hapa. Alikuja kwa viza ya umra, akafanya umra yake, na siku za viza zimekwisha yeye yungali chumba cha ndani. Ikama mafi, hospitali mafi, vyote hana. Akienda kupimwa watamfunga na kumrudisha, na kurudi hataki hata kusikia.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimejikunja. Wiki iliyopita alikuwa akinisaidia kupika wali. Nikasikia harufu, nikadhani ni chakula. Alikuwa ameegemeza mkono kwenye sufuria, huku anizungumzia habari za mamake, hana habari. Ngozi ilibaki kwenye chuma. Akanitazama mimi kwanza, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

Nataka vidonge. Mpe mtu unayemwamini. Wewe usije. Si Mzee aliyesema hivyo, ni Echati mwenyewe.

Mwatime


Bani Malik, Jeddah
3 Machi 2024

Ibra, twashukuru Mungu, nawe u hali gani?

Dawa imefika, na aliyeileta ni Roselyne mwenyewe. Sikujua kama angethubutu. Alikaa kutoka adhuhuri mpaka magharibi, akala chakula chetu kwa mkono kutoka sinia moja na Echati, na Mzee alipoona hivyo akatoka nje akajifanya kutafuta viatu. Amemfundisha kujitazama mikono na nyayo kila asubuhi, kwa kuwa maumivu hayatamwambia tena. Vidole havitanyooka. Ugonjwa utasimama pale ulipofika, akimeza.

Alipokuwa aondoka, Echati akamuuliza, “Huku nako wameniandika?”

Roselyne akasema, “La. Huku hujaandikwa popote.”

“Basi nilale,” akasema, akaingia ndani.

Roselyne ataleta nyengine. Nawe kula vizuri, aliniambia umekonda.

Shangazi


Al-Sulimaniyah, Riyadh
12 Novemba 2024

Shangazi, shikamoo. Namshukuru Mungu kwa habari za mgonjwa kumeza dawa. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haijatulia.

Walirudi kisiwani kupima mara ya pili. Kaskazini nusu ya nyumba hazikufunguliwa. Waliopimwa ngozi ni wachache, na wote walikuwa na nguo za mikono mirefu mpaka walipoamriwa kuikunja. Matokeo yako kwangu. Ukoma: hakuna.

Bosi alipoiona sifuri ile alifurahi. Wizara yao inataka kutangaza kwamba nchi imeumaliza ugonjwa, pawe na sherehe. Safari hii nilisema. Nikamwambia, “Mgonjwa yupo, namjua.”

“Yuko ndani ya nchi?”

“Hayuko.”

“Basi kwenye hesabu ya nchi hayumo. Au uniambie yuko wapi, tumwandike.”

Nikisema yuko wapi, polisi watafika Bani Malik kabla ya ripoti kufika wizarani. Lakini nikinyamaza, wizara itaacha kuagiza dawa na kile chumba cha ngozi pale zahanati kitafungwa. Ugonjwa huu haukai kwa mtu mmoja pekee, Shangazi. Kuna mtu mwingine kisiwani anao, na sasa hatatafutwa.

Wanataka sahihi yangu kabla ya mwisho wa mwezi. Wameniambia mradi unaofuata nitausimamia mimi. Muulize Echati. Atakalosema, ndilo nitakalofanya.

Mwanao, Ibra


Bani Malik, Jeddah
20 Novemba 2024

Ibra, marahaba. Nimemuuliza.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anyoosha vidole kwa mkono mzima, kama alivyofundishwa. Nikamsomea yote, na ya chumba cha ngozi kufungwa. Kisha akasema, “Waliponihesabu nilipoteza kazi na mume na kijiji. Mwambie aiache sifuri ibaki. Wengine wajitazamie wenyewe.”

Mzee akamwambia, “Echati, usiseme hivyo.”

Akamjibu, “Kaka, wewe ndiye uliyenambia nitangulie.”

Tangu hapo Mzee hajala na sisi. Nawe usijifiche nyuma ya jibu la mgonjwa. Sahihi ni ya mkono wako.

Shangazi yako


Bani Malik, Jeddah
6 Mei 2025

Ibra mwanangu, hujambo? Twasikia umehamia ofisi kubwa, Roselyne alisema. Mungu akulinde. Yeye mkataba wake umekwisha, amerudi Kisumu, na vidonge Echati amevimaliza.

Juzi tulikuwa twazungumza kwa video na dada yao wa pili, aliyebaki kijijini. Mtoto wake wa miaka sita alikuja kutusalimu, akasogeza uso kwenye simu. Ni yule aliyekuwa akilala na Echati kitanda kimoja miezi ile alipojifungia bila dawa. Shavuni ana baka jeupe jeupe, kama shilingi. Echati akaniminya paja.

Akamwambia dadake, “Chukua pamba. Mwambie afumbe macho.”

Dadake akacheka. “Ni mba hiyo. Ugonjwa wako umekwisha huku, redio imesema, na waziri alikata keki.”

Echati akamwambia ampeleke zahanati hata hivyo. Chumba cha ngozi kimefungwa tangu Februari. Vidonge havipo kisiwa kizima, na mganga wa hospitali kuu asema hawezi kuagiza dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Ndiyo maana nakuandikia. Echati ameghairi. Asema uandike jina lake lote, na la babake, na kijiji, na kwamba yuko kwangu Bani Malik. Atakwenda mwenyewe kwa polisi arudishwe, aonyeshe mikono yake pale wizarani. Mzee amempigia magoti na hakumsikia. Lakini asema peke yake hawatamsadiki, watasema alipatia ugonjwa huku. Watataka neno lako wewe uliyeandika sifuri.

Nijibu upesi, kwa ajili ya mtoto.

Shangazi yako,
Mwatime


Bani Malik, Jeddah
2 Juni 2025

Ibra, Echati ameondoka jana. Alijipeleka mwenyewe, wakampokea, na ndege ni wiki hii. Alinirudishia kanga zangu zimekunjwa.

Aliniuliza kama umejibu. Nikamwambia pengine hujauona ujumbe. Nimemdanganya, mwanangu. Alama zote mbili za ujumbe kusomwa zimekuwa buluu tangu siku ile ile nilipokutumia.

Shangazi yako