Ulimpima Lameki kwa Jembe

Mwalimu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kukusemesha bila kuanza na shikamoo, na sitaanza utovu wa adabu leo kwa sababu tu umelala. Ila nakuambia mapema: nimekuja na hasira. Miezi saba nimekulilia, nimekuombea misa, nimempelekea mkeo Mama Regina sabuni na sukari kila nikipanda Mapera. Leo silii. Leo nina maneno.

Kwanza habari za timu yetu ya kikapu. Imebaki mifupa. Ulipotutoka tu, vijana wanne wakaitwa Dar es Salaam wakaenda, wawili wakaenda Mwanza, na goti la Denisi limekataa kabisa. Daktari amemwambia achague kutembea au kuruka. Kwenye wale kumi na wawili wako wamebaki watano, na ligi inaanza mwezi ujao. Mzee Salimu bado analipa mishahara ya wachezaji, na dukani kwake ameitundika picha yako juu ya magunia ya mchele. Mimi wamenipa timu, eti "kocha wa muda." Miaka kumi na mmoja nimekaa benchi kando yako nikiandika kila ribaundi kwenye daftari, leo mimi ni wa muda! Haya, hilo nimelimeza.

Lisilomezeka ni hili. Nafasi saba za kujaza, sita nikazijaza bila ugomvi. Ya saba nikaandika Lameki. Pale kwenye kikao cha kamati Katibu Gervas akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu marehemu alimkataa. Hana tabia." Wajumbe wakaitikia kama wako kanisani. Marehemu alisema. Marehemu hakupenda. Mwalimu, ulipokuwa hai walikubishia hata rangi ya jezi! Umekufa, kila ulichokohoa kimekuwa amri.

Unamkumbuka Lameki, yule mrefu wa ziwani, kutoka mbele kidogo ya Mbamba Bay. Alikuja kwenye majaribio mwaka juzi, mwezi wa tatu. Siku mbili uwanjani alituacha midomo wazi. Wewe mwenyewe uliniinamia sikioni ukasema, "Kandida, huyu Mungu alimfinyanga bila haraka." Halafu Jumamosi, kama ilivyokuwa desturi yako, ukawapandisha wote shambani kwako Mapera wakachimbe ngoro, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni.

Wee, ulivyozipenda hizo ngoro! "Ukitaka kumjua mtu, tazama shimo lake." Kila kijana ulimpa jembe na kipande cha mteremko: afyeke nyasi, azipange miraba miraba, achimbe katikati na udongo aufukie juu ya nyasi, ili mvua ikinyesha maji yatulie shimoni yasimporomokee aliye chini. Ulisema anayechimba ovyo hamjali mwenzake, na asiyemjali mwenzake hatoi pasi. Nilikuwa nikilisimulia hilo kwa watu nikijivuna, kwamba kocha wetu anapima moyo kabla ya mkono.

Lameki alizipanga nyasi zake moja kwa moja kuteremka, ikawa mfereji mtupu. Vijana wa milimani wakacheka mpaka wakakaa chini. Wewe ukasimama juu ya kipande chake, mikono nyuma, ukasema, "Kipaji kipo. Tabia hakuna. Mkate." Nikalikata jina lake.

Mwalimu, kwao ni mchanga! Kwao ni mihogo na mpunga. Ngoro angefundishwa na nani? Sisi Wamatengo tunashikishwa jembe kabla hatujang'oka meno ya utoto. Mimi bibi yangu alinifundisha kuchimba ngoro sijajua hata kuhesabu vizuri. Tulifaulu mtihani ambao majibu yake tulizaliwa nayo. Hukupima tabia ya mtu, ulipima alikozaliwa, na ukaliita hilo hekima.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokwenda mara ya kwanza kwa dada yangu Skola, aliyeolewa huko huko ziwani, nilipewa kazi ya kugeuza usipa, wale dagaa wa Nyasa, kwenye vichanja. Nikawageuza kama ninavyogeuza kahawa, kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, najionyesha mchapakazi mbele ya wakwe. Nikawavunjavunja. Nusu kichanja kikawa unga wa kuku. Mama mkwe wa Skola akanitazama, akacheka weee, akasema, "Mwanangu, hiyo mikono ni ya milimani. Njoo ule." Akaniwekea ugali. Hakusema sina tabia. Hakunikata popote.

Na Oswini wako je? Yule wa mashimo yaliyonyooka kama yamepigwa rula, uliyempiga picha akiegemea jembe. Anayeamkia wazee mpaka wanachoka kuitikia. Robo ya nne, akipoteza mpira, alikuwa anafanya nini? Anashika kiuno anamtazama refa. Miaka mitatu nilikuandikia hilo daftarini, ukanijibu atabadilika, ni kijana mwenye adabu. Ulipolazwa Songea alikuja kukuona mara ngapi? Mimi niliyekuwa naosha mashuka yako nakuambia: hata mara moja. Wiki uliyokata kauli ndiyo wiki aliyosaini Dar. Mazishini alikuja na miwani ya jua, akasimama pale penye kivuli.

Lameki hakurudi kwao. Alipata kazi ya kubeba magunia kwenye ghala la kahawa, na jioni alikuja uwanjani. Ukamruhusu acheze dhidi ya kikosi cha kwanza, bila jezi, ili wapate mtu wa kuwasumbua. Miaka miwili, Mwalimu! Miaka miwili anakimbia na watu waliomcheka, na kila akipoteza mpira yeye ndiye wa kwanza kurudi kukaba. Hilo hukuliona? Ulikuwa umekaa kando yangu.

Sisemi ni malaika. Ana mdomo, kijana yule. Anachelewa. Alimwambia Katibu mbele za watu, "Mimi nimekuja kucheza kikapu, sikuja kuposa shamba." Nilicheka kimoyomoyo, lakini nililipima hilo pia, maana timu changa ikiwa na midomo mitatu kama ule haifiki mechi ya tano. Kuna mwingine kutoka Liparamba, anafunga kuliko hata Lameki, nikamwacha. Aliwapigia kelele wenzake mpaka mmoja akalia. Kipaji peke yake hakijengi timu, wewe ndiye uliyenifundisha, na bado naliamini. Lakini tabia ya mchezaji nitaitafuta uwanjani, akiwa amechoka na tumeachwa pointi kumi, siyo kwenye mashimo yako ya maharage.

Na nikuulize: kaburi lako, unajua nani alilichimba? Wenye tabia walikuwa wamevaa suti. Lameki aliingia na sururu asubuhi, na udongo wa Mapera unaujua wewe ulivyo mgumu, akachimba mpaka mzee wa ukoo wako alipomwamuru atoke apumzike. Hakuna aliyemwomba.

Juzi kamati ikakaa tena. Katibu akaja na suluhu yake: Lameki arudie ngoro Jumamosi, akifaulu aingie. Aka! Nilisimama. Mengine niliyosema siwezi kumwandikia marehemu. Nikawaambia likiingia jembe mimi natoka, wakatafute wa muda mwingine. Ndipo Mzee Salimu, anayekaa siku zote karibu na mlango bila kusema neno, akauliza kwa upole wake ule wa watu wenye asili ya pwani: "Jamani, babu yangu alikuja Mbinga kufungua duka. Mimi majembe nimeyauza maisha yangu yote, sijawahi kulima hata tuta moja. Sasa mimi tabia yangu mliipimia wapi?" Katibu akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kura nne kwa tatu, Lameki akapita, kwa miezi mitatu ya kutazamwa.

Nikaenda mbio mpaka ghalani, nimejaa ushindi. Nikampa habari. Halafu, bila kukuomba ruhusa, nikamwomba msamaha kwa niaba yako. Akatua gunia. Akajifuta jasho. Akasema taratibu, bila ule mdomo wake, "Mwalimu hakuwahi kushuka kwetu, dada. Hakujua. Wewe ulijua, na kalamu ilikuwa yako."

Nyani haoni kundule, Mwalimu. Nimekufokea kurasa zote hizi, na kuna jambo nimelizunguka tangu mstari wa kwanza. Siku ile pale mteremkoni, kabla hujasema nimkate, ulinigeukia. Ukaniuliza, "Au unaonaje, Kandida?" Uliniuliza! Nilikuwa nimekanyaga mchanga wao, nimekula ugali wao, nimewavunjia usipa wao. Na mimi nikasema, "Sawa, Mwalimu." Nilisema hivyo ili uone nina tabia njema.

Basi hasira hii tugawane, nusu yako, nusu yangu. Mwezi wa tatu ukifika nitapanda kumchimbia Mama Regina ngoro zake kwa mikono yangu, apate maharage, lakini hakuna mchezaji atakayepimwa pale tena. Nimeshamtafuta msaidizi, binti mmoja wa Tingi, mkali. Nimemwambia sharti la kwanza: siku atakayoniona nakosea akanyamaza, ajue hana kazi.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nimekukasirikia na ninakupenda, vyote viwili, na vyote ni vya kweli. Laiti ungeniuliza tena leo, ningekubishia.

Mwanao,
Kandida