Makofi Sita ya Chupa ya Jamu

Vardø, 14 Oktoba

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Nyonga yako inaendeleaje na baridi hii? Sisi wazima. Mkweo Steinar karudi kutoka baharini juzi, na mjukuu wako Tiril kang'oka jino la pili la mbele, basi ni miluzi siku nzima. Chupa za jamu zimefika zote nane, hakuna iliyovunjika. Asante sana.

Tiril yuko darasa la kwanza. Kila siku anatakiwa kumsomea mzazi ukurasa mmoja, mzazi atie sahihi. Nimetia sahihi tangu Agosti. Wiki mbili zilizopita mwalimu wake, Vigdis, aliniita akaniambia taratibu kwamba mtoto hasomi, anakariri, na maneno marefu anayabuni tu. Tukiliacha hivyo, ataachwa nyuma. Akauliza kama namsahihisha. Nikasema ndiyo. Tiril akadakia kwamba mama husema vizuri hata kitabu kikiwa juu chini. Vigdis alicheka. Mimi masikio yaliniwaka moto.

Kesho yake nikamwomba niketi darasani nione wanavyofundishwa. Nikakaa kwenye kiti kidogo, magoti kidevuni. Vigdis alisema neno refu ni maneno mawili yaliyounganishwa, basi tafuta kwanza kiungo. Ukikipata, piga kofi kwa kila silabi: neno la kwanza lianze kwa kishindo cha mguu, la pili kwa kishindo chepesi. Mama, ni kama samaki wetu kiwandani: ukijua kiungo kilipo, kisu hakihangaiki. Kitoto kimoja kilinipigia kelele kwamba mama Tiril kachelewa kofi, wote wakaangua kicheko. Nikapiga tena.

Sasa nikuambie nililokuficha. Herufi nazijua, lakini kusoma sikuwahi kujua. Shuleni nilikariri yale aliyonisomea dada Gunnvor. Kadi zote za Krismasi ni mwandiko wa Steinar. Nilimdanganya kwamba mikono yangu inanuka samaki, itaharibu kadi. Na chupa zako za miaka iliyopita nilikuwa nazifungua zote, nachovya kidole nijue ipi ni ipi. Steinar hunitania kwamba nina uroho wa paka.

Vigdis nimemweleza yote. Tunasoma naye kila Alhamisi, mimi na Tiril.

Jumapili nilishika chupa moja, nikatafuta kiungo cha neno uliloandika juu yake. Tyttebær, vitunda vyetu vyekundu, kisha syltetøy, jamu. Tyt-te-bær, syl-te-tøy. Kishindo, makofi, Tiril akipiga nami, sita kamili. Akasema, haya mama, fungua tuonje kama ni kweli. Nikamwambia hakuna haja.

Barua hii nimeiandika mwenyewe kwa siku nne, makosa uyavumilie. Msalimie dada Gunnvor, umwambie asinisomee tena. Na ukituma chupa nyingine, mama, andika maneno marefu.

Mwanao akupendaye,
Oddny