Leo nimekizima kifaa mbele ya jopo

Mtaani Umoja, Alhamisi. Baridi ya Julai haijaachilia mtu, na nguo nilizofua jana bado zinadondosha maji kwenye kamba. Lakini mimi nasikia joto. Nimefanya nilichokusudia.

Deno ni rafiki yangu tangu chuo. Tulianzisha pamoja kifaa kinachokaa ndani ya tangi juu ya paa na kukutumia ujumbe maji ya mfereji yakirudi. Mimi niliunda kifaa na kuandika programu, hapa hapa kwenye meza ninapokula chakula. Yeye alizunguka mtaa wa Mowlem akiwabembeleza wenye ploti za kupangisha wakubali tukijaribu kwao. Tulipatana vizuri.

Serikali ilipotangaza fedha za utafiti kwa wabunifu wa vifaa kama hivi, akaniambia, "Wewe maliza kifaa, mambo ya maombi niachie mimi." Nikamwachia. Nilichomelea nyaya mpaka macho yakauma.

Kisha majina ya waliofika hatua ya mwisho yakawekwa mtandaoni. Kifaa changu kilikuwepo. Mbunifu pekee: Deno.

Nilimpigia simu. Hata hakukana. "Nafula, tulia. Wewe ni fundi. Hawa watu wanatafuta mtafiti."

Fundi!

Marehemu baba alikuwa fundi wa reli, na sikuwahi kulisikia neno hilo likiwa tusi hadi siku hiyo. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ndiyo, ningeweza kuwasilisha malalamiko na kungoja. Sikutaka haki ya kungojewa. Nilitaka aaibike, na nilitaka niwepo nikitazama.

Leo waombaji wameonyesha kazi zao mbele ya jopo, na yeyote aliruhusiwa kuingia. Niliketi nyuma kabisa. Kitu ambacho Deno hakuwahi kuniuliza ni ujumbe hupitia wapi. Hupitia kwenye seva yangu kabla ya kufika kwa simu ya mtu, na seva hiyo naweza kuifunga kwa kidole, kutoka kwenye simu yangu.

Zamu ya Deno ilipofika, akamimina maji kwenye ndoo yenye kifaa. "Sasa mtaona ujumbe ukiingia," akasema, akiinua simu yake juu.

Nikaifunga seva.

Akangoja. Akaongeza maji. Akaitikisa simu. Mtu fulani akakohoa. Sitajifanya mtakatifu hapa: raha niliyoisikia sijawahi kuisikia kanisani.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamuuliza shida ni nini. Deno akapangusa uso. "Programu iliandikwa na mwenzangu, anaitwa Nafula. Kosa ni lake."

Kumbe jina langu alikuwa nalo. Alikuwa ameliweka akiba ya siku ya lawama.

Nikasimama. "Nafula ni mimi. Na si kosa. Nimekizima mwenyewe." Nikaifungua seva, na simu ikalia mkononi mwa Deno. Ujumbe ukaingia: maji yamefika.

Mwenyekiti akalifungua ombi la Deno. "Ulituambia uko peke yako." Ombi lake likatupwa pale pale. Kisha akanigeukia mimi. "Fedha zikitangazwa tena, omba kwa jina lako. Na siku hiyo, binti, usije kuzima kitu."

Sijapata chochote, basi. Nilijua sitapata. Nilikuwa nimekwenda kuchukua kitu kingine, na nimekichukua.

Ila kuna jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Mamake Deno alikuwa safu ya mbele, amevaa kitenge chake cha ibada, amekuja kumwona mwanawe akishangiliwa. Nyumbani kwake mtaani Makongeni nimekula kuliko nilivyokula kwa shangazi zangu wote. Mlangoni alinishika mkono. Hakunikemea.

"Nafula mwanangu, si ungeniambia mimi?"

Niliutoa mkono wangu, nikatoka nje. Swali lake nimerudi nalo nyumbani.

Deno ananipigia tangu mchana na sishiki. Na aendelee. Angesimama pale kesho, ningekizima tena, na pole yangu hataipata.

Lakini Jumapili nitakwenda Makongeni, nibishe hodi kwa mama yake. Na akinifungulia, nimwambie nini, nami sijutii?